Viatu vya filimbi: kimoja chalia, kimoja kimelala

Viatu hivi vya mtoto, vinavyolia kila akikanyaga, nilivinunua soko la Marikiti, Mombasa, kwa shilingi 450, baada ya kuvutana na muuzaji aliyeanzia 700. Mwanangu hajatimiza miaka miwili, na ngazi za nyumba yetu hapa Mji wa Kale zimesimama kama ukuta, nikaona heri nimsikie alipo. Kazi hiyo vinaifanya barabara. Asubuhi nasikia pwii, pwii, pwii kuelekea jikoni, kisha kimya. Ukisikia kimya, kimbia! Juzi nilimkuta ameketi ndani ya sinia la mahamri, mbaazi hadi masikioni, ananiambia, “Mama, karibu.”

Babu yake, anayejinyoosha kidogo baada ya adhuhuri, haviwezi kabisa. Kwenye feri ya Likoni mwanangu alivipiga chini mpaka abiria wakampigia makofi. Uso sikuwa na pa kuuweka.

Ila maji ya chumvi haviyataki. Siku moja tu ufuoni Pirates, cha kushoto kikazimika. Sasa anarukaruka kwa mguu wa kulia, ati mwenzake “amelala”, nisimwamshe. Soli haitelezi, gundi ya pembeni imeanza kuachia. Nitanunua vingine, babu akishasafiri kwenda Lamu.