Mafunzo ya kusuka vikapu vya majani ya paini, Mafinga: uzoefu wangu

Niseme mapema: shilingi elfu hamsini nilizolipa, vifaa vikiwemo, sizijutii. Darasa linafanyika nyumbani kwa mwalimu, nje kidogo ya mji wa Mafinga. Anafundisha vikapu vya mzunguko vya majani ya paini na nyasi, yaani kitita cha majani kinazungushwa na kushonwa kwa uzi, mzunguko juu ya mzunguko, kuanzia kwenye jiwe la pambo lililo katikati. Mimi ni msusi wa milulu, nyasi za kusukia vikapu, kazi niliyoachiwa na mama na shangazi zangu hapa Iringa, hivyo nilikwenda na jicho la mtu aliyezoea kushika kikapu na kukigeuza chini juu kabla ya kukisifia.

Mufindi, wilaya ulipo mji huu wa Mafinga, tumezungukwa na paini. Ukiacha Shamba la Miti la Sao Hill, ambalo ni la Serikali, hata mwenye eka mbili tatu amepanda ya kwake. Majani yanajilundika chini ya miti, na kiangazi moto ukipita hapo hauzimiki kirahisi. Ndiyo maana nilifurahi kuona mtu anayaokota na kuyafanyia kazi. Mwalimu huyachukua kwenye shamba la familia yake, na alitukataza kabisa kuingia msitu wa Serikali bila ruhusa.

Paini iliyoenea huku, ambayo wataalamu wanaiita Pinus patula, kwa kawaida hutoa majani matatu matatu kwenye kikonyo kimoja, yenye urefu wa sentimita 15 hadi 25. Kusini mwa Marekani, ambako ususi huu ni wa siku nyingi na Wakoushatta, kabila la wenyeji wa huko, wanasifika nao, ipo paini ya majani yanayoweza kufika sentimita 45. Wao huunga majani mapya mara chache. Sisi tunaunga kila mara, kwa hiyo usipofundishwa kuunga vizuri hujafundishwa kitu.

Na hapo mwalimu ananistaajabisha. Asubuhi nzima hatukugusa sindano. Tulichambua majani: ya kahawia yaliyokauka vizuri tukayaweka, meusi yaliyoanza kuoza tukayatupa. Yaliyotoka kwenye matawi yaliyopogolewa huanikwa kivulini ili yabaki na ukijani wake. Yakianikwa juani yanageuka kahawia. Kisha yanalowekwa kwenye maji ya moto kama nusu saa, kikofia kinachoshika majani kinavuliwa kwa kucha, na yote yanaviringishwa ndani ya taulo bichi yasikauke mikononi. Ukisuka majani makavu yanakatika, basi.

Kitita cha majani kinapitishwa ndani ya kipande kifupi cha mrija wa soda. Mrija ukianza kucheza, ongeza majani. Unayachomeka katikati ya kitita, si pembeni, na unachomeka kabla kitita hakijapungua. Kwa njia hii unene haubadiliki kuanzia mwanzo hadi ukingoni, na maungio huyaoni hata ukiyatafuta. Kila mshono unapita katikati ya mshono wa mzunguko wa chini, na mistari ya uzi inajipinda kutoka kwenye jiwe kwenda nje. Ni kazi nzuri sana kuitazama. Kwenye milulu uimara wa kikapu uko kwenye msuko wenyewe. Huku uimara wote umebebwa na uzi. Mwalimu anatumia uzi wa katani uliosuguliwa nta ya nyuki, na sindano kubwa ya magunia. Niliuvuta wangu kwa nguvu zote, haukukatika.

Kwenye mawe ndipo sikuridhika. Tulipewa kokoto bapa za mtoni, zilizotobolewa matundu kuzunguka ukingo na fundi wa mjini. Rangi zake zilipendeza, lakini matundu mengine yalikuwa na kingo kali zilizokwaruza uzi, na mengine yalikuwa yameachana mno, hivyo mzunguko wa kwanza ukaacha mianya. Mawe mawili matatu yalikuwa manene kiasi kwamba kikapu hakitulii mezani. Mwalimu anajua njia ya kulizungushia jiwe zima mishono mbele na nyuma bila kulitoboa, lakini aliionyesha jioni, haraka haraka, watu wakiwa wameshaanza kukusanya mizigo. Namwomba aanze na hiyo. Jiwe jembamba lisilotobolewa linapatikana bure mtoni, na mwanafunzi hahitaji kumtegemea fundi.

Nyasi zilipewa nafasi ndogo. Nilikuwa na milulu kwenye mfuko nikaomba kuichanganya na paini kwenye kitita, akakubali. Imekaa vizuri: milulu inajaza, paini inang'aa kwa nje. Wasusi wenzangu wa Iringa, hili lijaribuni.

Kwa atakayejiandikisha miezi ya Juni na Julai, ujue ukungu wa Mufindi hauruhusu kitu kukauka. Kikapu kikifungiwa kwenye mfuko wa plastiki kikiwa na unyevu kitaota kuvu. Changu nilikiweka juu ya kichanja jikoni, mbali na moshi, hadi kilipokuwa kikavu kabisa, ndipo nikakipaka nta. Vaa nguo nzito pia, maana darasa ni barazani na maji ya moto ni ya majani, si ya vidole. Nafasi ni chache kwa kila darasa, mwalimu anapita kwa kila mtu na kufumua mshono mbovu mbele yako. Darasa la vifuniko nimeshalilipia.