Kununua Bia ya Bavaria: Kwanza Uliza Chupa Ilikaa Wapi

Mwezi Juni mwaka jana shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alikuja Munich kutoka Moshi kwa mara ya kwanza, nami nikataka aonje bia za Bavaria, jimbo la Ujerumani ambalo Munich ni mji wake mkuu, kwa utaratibu, moja baada ya nyingine, badala ya kukata kiu tu. Nilipitia duka moja karibu na kituo cha treni, nikanunua kifurushi cha zawadi chenye chupa 8 za watengenezaji 8, kimefungwa utepe wa buluu na mweupe, kimeketishwa dirishani kama bibi harusi. Bei yake ingetosha kreti nzima yenye chupa 20 na chenji ikabaki. Jioni tulipofungua chupa ya kwanza, shemeji aliinusa, akaiweka glasi mezani taratibu, kisha akauliza kwa adabu zake zote: "Shemeji, na hii harufu nayo ni desturi yao?"

Haikuwa desturi. Ilikuwa harufu ya kicheche, ile inayobaki njiani mnyama mwenyewe akiwa ameshapita zamani. Chupa tatu kati ya zile nane zilinuka hivyo, na zote tatu zilikuwa za glasi ya kijani au isiyo na rangi. Niliporudi dukani, muuzaji alitazama tarehe iliyochapwa kwenye lebo, akaniambia bia haijaisha muda wake, na kwamba huenda sijazoea ladha ya hopsi, yaani yale maua machungu yanayotiwa kwenye bia. Nimeishi mji huu miaka 11. Chupa nilizirudisha, nikapewa senti 64 za amana, senti 8 kwa kila chupa, na hizo ndizo fedha pekee zilizorudi mfukoni mwangu.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu hautashughulika na rangi ya bia, wala kiwango cha kilevi kama kigezo, wala ni ipi iliyoshinda medali gani. Mambo hayo yako kwenye lebo na kila mtu anaweza kuyasoma. Nitashughulika na jambo moja ambalo lebo haisemi na wauzaji hawataki kulisikia, nalo ni bia kupigwa na mwanga.

Hopsi ndiyo inayoipa bia uchungu wake. Viini vyake vya uchungu, baada ya kuchemshwa, hubaki ndani ya bia pamoja na vitamini B2 inayotokana na kimea na chachu. Mwanga wa jua, hasa ule wa buluu na ule usioonekana kwa macho, ukiifikia vitamini hiyo huipa nguvu ya kuvunja viini vya hopsi. Kipande kinachovunjika hushikamana na salfa iliyomo kwenye bia, na kinachozaliwa hapo kinanuka kiasi kwamba pua ya binadamu hukitambua hata kikiwa sehemu chache tu katika trilioni. Katika glasi iliyoanikwa juani, kazi hiyo yote huchukua dakika. Ukitaka ushahidi, mimina chupa moja ya bia ya rangi ya dhahabu katika glasi mbili, moja uifiche kabatini na nyingine uiweke juani robo saa, kisha uzinuse kwa zamu. Ukishafanya hivyo mara moja hutahitaji mwalimu tena.

Glasi ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Ya kijani huzuia kidogo sana, na isiyo na rangi haizuii kitu cha maana. Hata hivyo, kahawia si kinga ya milele: chupa iliyokaa wiki kadhaa dirishani, au mstari wa mbele wa jokofu lenye taa inayowaka usiku na mchana, nayo hudhurika polepole. Ndiyo maana mimi huchukua kreti ya katikati ya rundo, si ile ya juu, na kama rundo lipo nje kwenye maegesho ya magari, siligusi kabisa.

Nafasi ya kwanza naitoa kwa Augustiner Lagerbier Hell, kilevi asilimia 5.2, na wala sitajificha nyuma ya pazia la usawa: hii ndiyo bia yangu. Augustiner ndiyo kampuni kongwe zaidi ya bia mjini Munich, ya tangu 1328, na bia hii bado hujazwa kwenye ile chupa fupi, nene, ya kahawia, ambayo huoshwa na kujazwa tena na tena hadi inapata pete nyeupe za mikwaruzo begani na kiunoni. Mgeni huiona chupa iliyochakaa, mimi huona mwavuli. Sababu ya pili ya kuipendelea ni kwamba hapa Munich bia hii hainywewi, inafyonzwa: kreti inayoingia dukani asubuhi huenda isiione kesho, hivyo haipati muda wa kuzeeka wala kuota jua. Ladha yake ni ya kimea, laini, yenye utamu mdogo wa ukoko wa mkate na uchungu unaokuja mwishoni bila kelele. Ukipata nafasi ya kuinywa kutoka pipa la mti katika kumbi zake, utakuta gesi ni chache zaidi na ulaini umeongezeka. Na katika Oktoberfest, sherehe kubwa ya bia ya kila mwaka hapa Munich, ndiyo pekee kati ya kampuni sita za Munich inayoendelea kutumia mapipa ya mti ya lita 200. Pipa la mti halipitishi mwanga hata kidogo, lakini nadhani msomaji ameshajua ninakoelekea.

Ya pili ni Schneider Weisse Original, asilimia 5.4, na hapa ninaomba nafasi ya kukaa kidogo, kwa maana bia ya ngano ya Bavaria ina jambo na sisi. Mchagga aliyekulia karibu na chombo cha mbege akiinusa kwa mara ya kwanza hudhani amedanganywa, kwa kuwa harufu ya ndizi mbivu iko pale pale, wakati ndani yake hamna ndizi. Huwa inatoka kwenye chachu, ambayo wakati wa uchachukaji hutengeneza kemikali ileile inayoipa ndizi mbivu harufu yake. Chachu hiyohiyo hutoa pia harufu ya karafuu, na mtu wa Unguja atakapoinusa ataeleza vizuri kuliko mimi. Shemeji, ambaye kwao mbege hupikwa kwa ndizi, ulezi na gome la msesewe, alikunywa glasi ya kwanza kimya, ya pili akaanza kuuliza maswali ya kiufundi. Kwa muda mrefu haki ya kupika bia ya ngano ilikuwa mikononi mwa watawala wa Bavaria, wa ukoo wa Wittelsbach. Mpika bia Georg Schneider aliipata haki hiyo mwaka 1872, wakati wengi walidhani bia hiyo inakufa. Siku hizi hupikwa Kelheim, kando ya mto Danube, na rangi yake ni ya kaharabu iliyokolea kuliko bia nyingi za ngano. Kwa kigezo changu ina faida mbili: hopsi yake ni kidogo, kwa hiyo mwanga hauna kingi cha kuvunja, na ukungu wa chachu na ngano huifanya isipenyeke kirahisi. Usiimimine yote kwa mkupuo. Bakiza kiasi cha vidole viwili, uizungushe chupa ili chachu iliyotuama iamke, ndipo umalizie.

Nafasi ya tatu nimeigawa, ingawa najua mgawanyo katika orodha ni dalili ya woga. Ayinger Altbairisch Dunkel, ya kijiji cha Aying kusini-mashariki mwa Munich, ni bia nyeusi ya kila siku yenye asilimia 5, yenye ladha ya kimea kilichokaangwa na harufu ya mbali ya kahawa. Andechser Doppelbock Dunkel, asilimia 7.1, ni ya watawa Wabenedikto wa Andechs, kilima ambacho mahujaji wamekuwa wakikipanda kwa karne nyingi na ambacho siku hizi hupandwa pia na watu wasio na dhambi yoyote ya kutubia isipokuwa kiu. Ya kwanza ni ya chakula cha jioni, ya pili ni ya kukaa chini na kutonyanyuka haraka. Bia za aina hii nzito zina uhusiano na mfungo wa Kwaresima, ambapo watawa waliruhusiwa kunywa wakati hawakuruhusiwa kula. Paulaner Salvator, asilimia 7.9, ndiyo mama yao, na ndiyo sababu nyingine nyingi zimepewa majina yanayoishia na "-ator". Salvator ni nzuri, ila kwangu utamu wake unazidi kimo.

Tegernseer Hell, asilimia 4.8, kutoka ufukweni mwa ziwa Tegernsee, ingekuwa juu zaidi kama isingekuwa imegeuka bia ya mtindo. Ukiikuta imehifadhiwa vizuri, ni nyepesi na safi, na huishiwa kabla hujatambua. Lakini mtindo umeipeleka kwenye vioski na maduka ambayo huipanga dirishani kwa ajili ya lebo yake nzuri, na hapo ndipo ninaponuna.

Ya mwisho miongoni mwa zile ninazozipendekeza ni Aecht Schlenkerla Rauchbier Märzen ya Bamberg, asilimia 5.1. Kimea chake hukaushwa juu ya moto wa kuni, na bia yenyewe hunukia kama samaki aliyekaushwa kwa moshi kando ya ziwa. Watu wa Bamberg watakukumbusha kwamba wao ni wa Franconia, na kwamba kuwa ndani ya jimbo la Bavaria ni suala la utawala tu; ninawaomba radhi, lakini siwezi kuiacha. Nimeiweka chini kwa sababu moja: moshi ule hufunika kila kitu, hata dosari, na mimi sipendi bia ninayoshindwa kuikagua.

Kuhusu bia za bei nafuu, Oettinger ni ya Bavaria kwa asili na ni rahisi kuliko zote nilizotaja. Inakata kiu. Bia za kopo nazo zina faida ambayo lazima niikiri, kwamba bati halipitishi mwanga, ingawa amana ya kopo ni senti 25.

Sasa suala la bei, kwa sababu sitalala nisipolisema. Kila duka na kila lebo hutukumbusha sheria ya bia iliyotangazwa Ingolstadt tarehe 23 Aprili 1516, kwamba bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji tu. Ni nadra kumsikia muuzaji akisoma sehemu nyingine ya sheria hiyohiyo, ile iliyoweka kikomo cha bei: senti moja ya wakati ule kwa kipimo kimoja majira ya baridi, na senti mbili majira ya joto. Katika Oktoberfest ya mwaka 2025 lita moja iliuzwa kati ya euro 14.50 na 15.80, na bado ungepewa glasi ambayo povu lake limeshuka hadi chini ya mstari wa kipimo. Si mimi pekee ninayelalamika, maana hapa Munich kipo chama kilichosajiliwa ambacho kazi yake ni kupinga wamiminaji wanaopunja. Hapo ndipo napata mgogoro na nafsi yangu. Kikombe cha zamani cha udongo wa kijivu kilikuwa kinga kamili dhidi ya jua, lakini mnywaji hakuweza kuona kilijazwa hadi wapi. Glasi inamfichua mpunjaji na papo hapo inaianika bia.

Wazee wa bustani za bia walikuwa na jibu bila kulitafuta. Mwaka 1553 kupika bia kulikatazwa kuanzia tarehe 23 Aprili hadi 29 Septemba, hivyo bia ya kiangazi ilibidi ihifadhiwe katika mahandaki yaliyopoa, na juu ya mahandaki hayo ikapandwa michesinati yenye majani mapana ili kuyatilia kivuli. Watu wakaja kunywa papo hapo, chini ya miti. Kwa hiyo ukiingia bustanini usikimbilie meza ya juani kama watalii wanavyofanya. Kaa chini ya mti, na glasi iwe upande wa shina.

Wasomaji watatu wameniuliza namna ya kusafirisha chupa hadi Afrika Mashariki. Shemeji aliondoka na nne, mbili za Augustiner na mbili za Schneider, kila moja imefungwa kwa gazeti kwanza kisha kwa kipande cha khanga kuukuu, zikalazwa katikati ya nguo ndani ya sanduku la kupakiwa chini ya ndege. Nilimwonya asizipange juu ya kabati la sebuleni, maana namjua dada yangu na mapambo yake. Alinipigia simu juma lililofuata: tatu zimenyweka salama, na ya nne dada ameiweka dirishani ili majirani waione.