"Don't Pass Me By": mono au stirio?

Ubishi huu wa mashabiki wa kundi la Beatles hauishi: wimbo huu una matoleo mawili, mono (sauti ya njia moja) na stirio (ya njia mbili), lipi bora? Wimbo ni wa Ringo Starr, mpiga ngoma wao, wa kwanza aliotunga peke yake kundi likaurekodi, nao ulitoka 1968 kwenye albamu ya jalada jeupe. Kwa sauti, mono inakwenda kasi zaidi, na fidla ya Jack Fallon pale mwishoni si ile ya stirio. Hapo mimi nipo upande wa mono, maana stirio inajikokota kama mlevi. Kwa bei, stirio imeshinda: mtandaoni imejaa tele. Santuri ya mono ya 1968 ni ghali, tena vumbi na mikwaruzo ni adui zake. Unasikilizia simu? Stirio yatosha. Mwenye mashine ya santuri atafute mono, hata ile iliyochapwa upya 2014.