Wiki Nane za Kuvuta Pumzi Ofisini: Maoni Yangu

Nianze na jibu kwa walio na haraka. Ndiyo, mafunzo haya ya kutuliza akili kazini yamenisaidia, na hata leo ningeyalipia kwa pesa yangu. Lakini kama wewe ni bosi na unataka kuyanunua ili usiajiri watu wa kutosha, hifadhi pesa zako.

Kazi yangu ni kupokea simu za wateja katika jengo moja la Upper Hill, Nairobi. Anayepiga huwa tayari ameudhika: pesa zimekwama, huduma imekatika, anaambiwa angoje tangu jana. Akikata, mwingine yuko hewani, na pembeni ya skrini kuna saa inayohesabu sekunde ulizokaa na kila mtu. Ukishapitia foleni ya Lang'ata Road hadi Rongai, unafika nyumbani huna subira hata ya kusikiliza habari za shule. Basi mwajiri alipotangaza mafunzo ya uzingativu, yaani kuizoeza akili itulie kwenye jambo lililopo badala ya kukimbizana na ya jana na ya kesho, nilijiandikisha. Yalikuwa bure, na hiyo nayo ni sababu.

Mpango huu asili yake ni Jon Kabat-Zinn, aliyeuanzisha mwaka 1979 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, akianza na wagonjwa wenye maumivu ya kudumu. Ukifuatwa kamili, ni wiki nane, kila wiki kipindi cha saa mbili na nusu, mazoezi ya nyumbani ya kama dakika 45 kwa siku, na karibu na mwisho siku nzima ya kukaa kimya. Sisi tulipewa saa moja kwa wiki, na saa yenyewe ndiyo ya chakula cha mchana. Ile siku ya kimya haikutajwa kamwe. Kwa hiyo ukiuziwa "wiki nane", uliza ni za saa ngapi. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022, wa watu 276 wenye maradhi ya wasiwasi, ulioonyesha kwamba mpango huu haukuwa nyuma ya escitalopram, dawa ya kutibu wasiwasi. Wauzaji wanapenda kuutaja. Wasichosema ni kwamba waliowekwa kwenye mpango huu walipewa mpango wote, na si ule wa kubanwa kati ya ugali na simu ya saa nane.

Pamoja na hayo, kipindi cha kwanza kilinishika. Mwalimu, mama mmoja asiye na haraka kabisa, alimpa kila mtu punje moja ya njugu karanga. Kwingine hutumia zabibu kavu. Tuna njaa, chakula kiko kwenye mikebe, halafu tunaambiwa tuitazame njugu. Nikaigeuza, ngozi yake nyekundu ikapukutika ikanibaki kidoleni. Nikainusa, ikanukia moshi kidogo. Kisha tukaambiwa tuiweke ulimini bila kutafuna. Mate yakajaa, taya likaanza kujisogeza lenyewe, nami nikawa nalizuia huku nikilisikia linavyotaka. Aliyekaa karibu yangu alishindwa, akatafuna na kucheka, sote tukacheka.

Zoezi lile nililielewa vizuri siku chache baadaye, mteja aliponiita mjinga. Mimi hasira huanzia masikioni. Yanapata joto, mabega yanapanda, halafu mdomo unafunguka. Safari hii niliyasikia masikio kabla ya mdomo. Taya lilikuwa linataka kutafuna, nami nikaliacha litake. Nikatoa pumzi polepole, nikamwomba mteja anipe tena nambari ya muamala. Sikumpenda ghafla, la hasha. Ila simu iliisha bila malalamiko na sikuibeba hadi simu iliyofuata.

Siri kubwa iko kwenye pumzi ya kutoka. Mwili ukihisi tishio humwaga homoni za adrenalini na kotisoli, moyo unakwenda mbio, na hautofautishi simba na mteja. Unapotoa pumzi taratibu, neva ya vagasi, inayounganisha ubongo na moyo, huupunguza moyo mwendo. Ndiyo maana siku hizi navuta kwa hesabu ya nne na kutoa kwa hesabu ya sita kabla ya kupokea simu. Mara tatu zinatosha, na ile saa ya skrini haipati cha kulalamikia.

Zoezi la kulala chali na kupitisha akili mwilini, kuanzia vidole vya miguu hadi utosini, halikunifaa ofisini. Wanawake tuliovaa sketi tulilala kwenye zulia la chumba cha mikutano tukijifunika shali, na kulikuwa na mwenzetu aliyekoroma kila wiki bila kukosa.

Suala la dini lilizuka mapema, kama lilivyotarajiwa.

"Samahani mwalimu, hii si ibada ya watu wengine?" dada mmoja wa kitengo cha madeni aliuliza.

"Mizizi yake iko kwa Wabudha, dada, siwezi kukuficha. Lakini hapa hakuna anayeabudiwa. Ukitaka kumshukuru Mungu wako kwa hiyo pumzi, mshukuru."

Mwenzetu mmoja Mwislamu akasema yeye huondoka mezani adhuhuri na alasiri miaka yote, na hakuna aliyewahi kumwita mtaalamu wa utulivu. Mwalimu alicheka kuliko sisi.

Jambo moja nataka lisisitizwe, maana matangazo hulipita. Si kila mtu anatulia anapofumba macho. Mwenzetu aliyekuwa amefiwa na mama yake alianza kulia katikati ya zoezi na hakuweza kujizuia. Mwalimu hakumlazimisha aendelee. Alimwambia afungue macho, akanyage sakafu kwa nguvu, ataje vitu anavyoviona chumbani, kisha wakazungumza faragha kuhusu kumwona mshauri nasaha. Rekodi ya sauti pekee isingemwona. Kwa hilo tu, mwalimu aliye mbele yako ana thamani kuliko programu yoyote ya simu.

Sasa malalamiko yangu. Mwisho wa mwezi, simu zilipofurika na nusu ya zamu hawakuwepo, msimamizi alipita akituambia, "Kumbukeni pumzi zenu, jamani." Nilikasirika kuliko nilivyokasirishwa na mteja yeyote. Tulihitaji watu wawili zaidi, na dakika chache za kunywa maji. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 kuhusu afya ya akili kazini unayataja mafunzo ya uzingativu, ila unawataka waajiri pia warekebishe mazingira ya kazi yenyewe. Mwaka 2024, mtafiti wa Oxford, William Fleming, alichapisha matokeo ya wafanyakazi 46,336 wa Uingereza: waliopewa huduma kama hizi kazini hawakuwa na hali bora kuliko wasiopewa. Sishangai. Ukinifunza kuvumilia moto na hukuuzima, nitaungua kwa utulivu tu. Baada ya siku hiyo nilijaza fomu ya likizo, kwani Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inanipa siku zisizopungua 21 kwa mwaka na nilikuwa nimeziacha zilale.

Mafunzo yalikuja na programu ya simu. Sauti ni ya Mwingereza anayekwambia usikilize ndege na mawimbi ya bahari. Inakula bando, kwa hiyo pakua rekodi ukiwa kwenye Wi-Fi. Mimi niliiacha mapema, kwa sababu zoezi la sauti ambalo mwalimu alitufundisha halihitaji hata hedifoni, na nganya za Rongai, zile matatu za muziki mkubwa, zinalifaa mno. Unausikia muziki bila kuamua kama ni mzuri au mbaya: besi inayotikisa kiti, makanga anayegonga bodi, honi ya nyuma, kisha besi tena. Nikifika Galleria kichwa kimepoa. Ukijaribu, kaa mbali na dirisha, simu iwe ndani ya mkoba, na nauli uilipe kabla hujafumba macho, la sivyo makanga atakugonga bega katikati ya zoezi.