Kozi ya spektrometria ya masi: ada nilimlipa mwalimu, aliyenifundisha ni fundi

Nianze na swali lenyewe, maana ndilo lililoniharibia siku zile tatu. Niliuliza hivi: "Mwalimu, kwenye mashine yetu aflatoksini B1 inatoka 313 kama inavyotakiwa, lakini kuna kilele kingine 335 kinachoizidi. Kile ni nini?" Basi, sikuuliza jingine. Kwa asiyejua: aflatoksini ni sumu ya ukungu wa nafaka, mashine ya spektrometria ya masi husoma molekuli kwa uzito wake, hizo 313 na 335 ndizo uzito, na kilele ni mstari unaopanda kwenye skrini.

Akavua miwani. "Dada, una miaka mingapi kazini?" Nikamjibu kumi na moja. "Miaka kumi na moja na hujui adakti ya sodiamu? Kasome kwanza, halafu ndiyo uje kozi." Ukumbi mzima ukacheka. Akabonyeza slaidi inayofuata, mimi bado nimesimama na kalamu mkononi.

Kozi ilitangazwa kuwa ya misingi, kwa wakemia walioko kazini. Ada nimetoa mfukoni mwangu, likizo nimechukua ya kwangu, nimesafiri na basi usiku kucha. Kama jambo la msingi haliulizwi kwenye kozi ya misingi, tukaliulize wapi?

Na lile swali halikuwa la kipuuzi. Sisi tunapima mahindi na karanga. Kikomo cha B1 kwenye mahindi hapa Afrika Mashariki ni mikrogramu 5 kwa kilo, kitu kidogo kiasi kwamba kosa dogo linageuza jibu. Molekuli ikibeba protoni unaisoma 313. Ikibeba sodiamu badala yake, ndiyo hiyo adakti, inakuwa 335, kwa kuwa sodiamu ni 23 na protoni ni 1, tofauti 22. Sampuli ya karanga ina chumvi kuliko standadi, ile ya kulinganishia, uliyoitengeneza kwa methanoli safi, kwa hiyo sehemu kubwa zaidi ya sumu inahamia 335, na wewe umekaa unahesabu 313 tu. Mzigo mbaya unapita kama mzuri. Mwaka 2004 zaidi ya watu mia moja walikufa mashariki mwa Kenya kwa mahindi yenye sumu hii. Halafu mtu anakucheka!

Siku ya kwanza nusu nzima ilikwenda kwenye historia ya wanasayansi wa mwanzo wa fani hii: Thomson na gesi yake ya neoni yenye uzito wa 20 na 22, Aston na Nobel yake ya mwaka 1922. Sikatai, ni historia tamu. Lakini ioni (molekuli zenye chaji) za kunyunyizia kwa umeme, zile zilizompa John Fenn Nobel ya kemia mwaka 2002, zilipewa dakika kama kumi hivi, na ndizo wengi wetu mle ukumbini tunazotumia kila siku.

Haki yake nimpe. Somo la isotopu, yaani atomu za elementi moja zenye uzito tofauti, alilifundisha vizuri mno. Alichora klorini ubaoni, kilele kimoja na kingine mbele yake kwa hatua mbili za uzito, urefu wake tatu kwa moja. Kisha bromini, viwili vinavyokaribia kulingana kama mapacha. Tangu siku hiyo dawa ya wadudu yenye klorini naitambua kabla sijafungua maktaba ya kompyuta. Kwa saa ile moja nilikuwa tayari kumsamehe. Baadaye, chai ikiendelea, nikamsikia akiwasimulia wenzake habari ya "yule dada wa 335". Msamaha ukaishia hapo.

Siku ya pili au ya tatu, mchana, tukaingia chumba cha mashine. Ilikuwa ya kromatografia ya gesi, inayotenganisha vitu vikiwa gesi kabla ya kuvipima, na ikakataa. Kila akijaribu kuirekebisha inagoma. Mwalimu akabonyeza hapa, akabonyeza pale, mwisho akatoka nje na simu. Ndipo akaja fundi wa pale, kijana mpole, ovaroli imefubaa magotini. Hakugusa chochote. Alitazama skrini, akatuita tusogee: "Njooni muone. 18 ni maji. 28 ni nitrojeni. 32 ni oksijeni, nayo ni kama robo ya 28. Hiyo ni hewa ya humu ndani tunayovuta. Mashine inavuja."

Akachukua mpira mwembamba wa gesi ya argoni, akaupitisha taratibu kwenye kila kiungo, sisi macho kwenye 40, uzito wa argoni. Kiungo cha kwanza kimya. Cha pili kimya. Alipofika kwenye nati ya kolamu, lile bomba jembamba la kupitisha gesi, pale inapoingilia kwenye mashine, 40 ikaruka juu. Akasubiri ipoe, akachukua spana, akakaza kidogo sana, kwa vidole viwili. "Feruli mpya, hii pete ya kuziba kiungo, ikishapata joto mara ya kwanza inasinyaa. Kaza tena, lakini usiue nyuzi." Tukaiona 28 ikishuka mbele ya macho yetu.

Nikamfuata pembeni nikamuuliza swali langu. Hakucheka. Akaniuliza tu, "Maji na methanoli ya mashine mnaweka kwenye chupa za nini?" Za kioo, kaka. "Kioo kinatoa sodiamu. Jaribu za plastiki safi, na tia kidogo chumvi iitwayo fomati ya amonia, amonia ishindane na sodiamu." Niliporudi nikafanya hivyo hivyo. 335 ikanywea, 313 ikasimama. Nililia pale maabara, sioni aibu kusema.

Nilipoanza kuandika nilitaka kuwaambia msiende kabisa. Sasa siwezi, kwa sababu mashine yangu inasoma sawa kwa ajili ya kozi ile ile. Ila nikikumbuka kwamba jina la fundi halikuwa kwenye ratiba, wala kwenye ile fomu ya maoni tuliyogawiwa mwisho, hasira inarudi upya. Mwalimu alikuwa na nafasi tano za kupewa alama. Jina la fundi nililiandika mwenyewe pembeni ya karatasi, nikalipigia mstari mara mbili.

Nyota mbili. Hapana, tatu, zote za yule kijana. Wakimpa yeye siku mbili kati ya tatu nitalipa tena, hata kesho, na nitakuja na vijana wangu wawili wa maabara. Wakimleta yule wa miwani peke yake, ada yangu wasiihesabu.