TAHADHARI: Usilipie safari ya kuvua "taa wakubwa" Mto Malagarasi

Wakuu, kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook la safari za uvuvi wa burudani huku kwetu Kigoma. Linasema utapelekwa Mto Malagarasi na muongozaji mzoefu, siku tatu, ukavue "taa wa maji baridi" na "kambale jitu". Bei ni 780,000 kwa kichwa, nusu unatanguliza. Usitume hata mia. Malagarasi hakuna taa, na Ziwa Tanganyika hakuna taa. Anayekuuzia safari ya kumvua anakuuzia samaki wa nchi za watu.

Kwa ambao hamjakaa pwani, taa ni yule samaki bapa kama sinia, mwenye mkia mrefu mwembamba wenye mwiba wa sumu. Wa baharini wapo tele Tanga, Dar na Mtwara. Sasa huyu mtu anadai kuna wa mtoni, mkubwa kuliko meza ya kulia chakula cha familia nzima, amelala chini pale Ilagala, mto unapoingia ziwani, anakusubiri wewe na ndoano yako.

Mimi nakodisha boti Kibirizi, mwalo wa hapa Kigoma mjini. Naandika kwa sababu wageni wanafika hapa na mabegi na fimbo za kuvulia, wanapiga namba haipatikani, halafu wanaanza kuulizia mwaloni boti ambayo hakuna mtu anayeijua. Wengine wametoka Dar, wengine Mwanza. Juzi alikuja kaka mmoja na wanawe wawili wa shule, wamevaa kofia mpya za jua, akaniuliza kwa heshima kabisa: "Samahani kaka, boti ya wale wa kuvua taa inatia nanga upande gani?" Nikamwambia hapa hakuna boti hiyo. Akasema haiwezekani, amelipa, ana risiti. Akanipa simu nisome mwenyewe.

Risiti yenyewe ni ya kuchekesha kama usingekuwa unamwona baba wa watu amesimama mbele yako. Ina muhuri wa duara uliochorwa kwa kompyuta, katikati samaki, pembeni maneno "Wilaya ya Tanganyika, Kigoma". Wilaya ya Tanganyika iko Mkoa wa Katavi. Malagarasi inapomwaga maji ziwani, kule Ilagala, ni Wilaya ya Uvinza. Mtu anayejiita muongozaji mzaliwa wa hapa hajui yuko wilaya gani!

Halafu picha. Wanaume kama wanane wamesimama kwenye maji ya kahawia hadi kiunoni, wameshika taa mkubwa ajabu, wanacheka. Kuza picha uangalie nyuma yao. Kuna boti nyembamba ndefu, injini imekaa juu, na kutoka kwenye injini limetoka bomba refu kwenda nyuma, propela iko mwisho kabisa wa bomba. Sisi injini zetu zinaning'inia kwenye ubao wa nyuma, propela chini yake. Boti ya mtindo ule hujaiona Kibirizi, wala Ujiji, wala Katonga. Wawili kati ya wale wanaume wamevaa kofia pana za ncha ambazo mvuvi wa Kigoma angevaa siku ya maigizo tu. Ile ni Asia ya Kusini Mashariki.

Na ndiko taa hao walipo kweli. Taa mkubwa wa maji baridi anaishi mito kama Mekong, Chao Phraya na Mae Klong, na mito ya kisiwa cha Borneo. Juni 2022, wavuvi wa mkoa wa Stung Treng nchini Kambodia walimnasa mmoja wa kilo 300, urefu karibu mita 4 ukihesabu na mkia, wakampa jina Boramy. Wanasayansi walimfunga kifaa cha kufuatilia mienendo yake, akarudishwa mtoni akiwa hai. Mpaka leo huyo ndiye samaki mkubwa zaidi wa maji baridi aliyepimwa uzito na kuandikwa. Aliyekuwa anashikilia rekodi kabla yake ni kambale jitu wa Mekong, kilo 293, aliyevuliwa kaskazini mwa Thailand mwaka 2005.

Sasa rudi kwenye tangazo la tapeli. Limeandikwa kwa herufi nyekundu: "REKODI YETU KILO 293". Kaiba picha, kaiba na kilo zake.

Atakayekubishia kwamba Afrika nako kuna taa wa mtoni, mwambie ni kweli, ila yuko Afrika Magharibi, mito kama Niger na Benue, na mwili wake upana ni kama sentimita 40. Huyo hahitaji wanaume wanane kumshika.

Kinachowaponza watu ni kwamba uongo huu umepakwa ukweli kidogo. Malagarasi ni mto mkubwa kweli, na unapita kwenye mabwawa na matete mapana mno; eneo la Malagarasi-Muyovozi ndilo la kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhi oevu, mwaka 2000. Kambale wapo, tena wakubwa. Kuna kambale wa jamii ya Heterobranchus ambao wakikomaa wanafika makumi ya kilo, kwa hiyo mzee akikusimulia kambale aliyebebwa na watu wawili kwenye mti, msikilize tu. Kuna yule mwenye umeme, ukimshika kwa mkono mtupu utajuta. Kuna kibebe mwenye meno ya kutisha, ambaye wazungu wanamsafiria kutoka mbali. Ziwani kuna kuhe na sangala. Mtu mwenye boti na akili timamu angeuza safari ya hawa na wateja wangerudi mwaka unaofuata. Lakini kuuza safari ya kweli kunataka boti, mafuta na leseni, na huyu bwana ana bando tu.

Jinsi anavyokamua hela nimeiona kwenye meseji za wageni kadhaa, zinafanana hadi makosa ya tahajia. Kwanza anaomba 390,000 ya kushikilia nafasi, na ofa siku zote inaisha leo saa sita usiku. Ukishatuma, kesho yake inakuja 95,000 ya "kibali cha uvuvi cha wizara". Halafu 60,000 ya bima ya boti. Halafu ndoano maalumu ya taa, 85,000, kwa sababu eti ndoano za kawaida zinanyooka. Kila muamala unakwenda namba tofauti, na majina yanayotokea hayafanani: mara jina la mwanamke, mara lipa namba ambayo ukiandika linatokea duka la vipodozi. Ukiuliza anajibu haraka sana, "huyo ni mhasibu wetu". Duka la vipodozi ndilo mhasibu.

Hapo kwenye kibali ndipo pa kumkamatia. Hela ya serikali siku hizi hailipwi kwenye namba ya simu ya mtu. Unapewa kontrol namba yenye tarakimu 12, unalipa kwa simu au benki, na kabla hujathibitisha unaona malipo ni ya taasisi gani. Mwambie akutumie kontrol namba ya hicho kibali. Utaona atakavyoanza kusema mtandao wa wizara uko chini.

Kuna jambo lililonikasirisha kuliko hela. Wapo wageni wachache ambao hawakutelekezwa. Walipelekwa kweli mtoni. Nilidhani labda hao angalau walipata walicholipia, mpaka nilipokwenda Ilagala kwa shughuli zangu nikakaa na mzee mmoja anayevua pale miaka mingi. Nikamwamkia, nikamuuliza habari za hao wageni. Akaguna. "Mwanangu, wanaletwa jioni. Wanapakiwa kwenye mtumbwi wa nyavu, mtu na mkewe, hawana hata boya moja. Viboko ndiyo wanatoka kwenda malishoni saa hizo."

Anachofanya tapeli ni kumpigia kijana yeyote wa kijijini mwenye mtumbwi, anamtumia 30,000, anamwambia wageni wangu wanataka kutembea mtoni. Kijana hajui habari ya taa wala ya 780,000. Anawazungusha kwenye matete, giza linaingia, hawajapata kitu, anawarudisha. Tapeli anawaambia "uvuvi ni bahati". Malagarasi ina mamba na ina viboko, na mtumbwi wa nyavu ukisukumwa na kiboko haurudi kukaa sawa. Siku mtu akipotea pale, atakayelala ndani ni yule kijana wa 30,000, siyo mwenye ukurasa. Kwa hiyo tafadhali msiwashambulie vijana wa Ilagala kwenye maoni. Nimeona watu wameanza.

Jingine: tangazo linachanganya mto na ziwa, na lina tarehe za mwaka mzima. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa. Mtu yeyote wa mwaloni anaijua habari ya kufungwa, tuliiona mifukoni mwetu. Kabla hujapanga safari ya uvuvi katikati ya mwaka, piga simu ofisi ya uvuvi ya halmashauri uulize hali ikoje. Huyu anauza Juni na Julai bila wasiwasi.

Mtu akikuuzia safari, mwombe leseni ya biashara ya utalii, ile tunayoita TALA, na jina la kampuni ukalitazame BRELA, wanaosajili kampuni. Picha alizokutumia ziweke kwenye Google Lens. Hizi za taa zinakuletea Thailand na Kambodia papo hapo. Mimi nina kipimo changu cha kienyeji, na kinafanya kazi kuliko vyote: mwambie akupigie simu ya video asubuhi akiwa mwaloni, akuonyeshe migebuka, samaki wetu wa ziwani, iliyoshuka leo na akutajie bei yake. Mwenye boti Kigoma hilo ni sekunde. Tapeli atakuambia yuko kwenye kikao.

Kama tayari umelipa, usianze kwa kumtukana. Wengi wanafanya hivyo, anawafungia, anafuta meseji zake, ushahidi unapungua. Piga picha mazungumzo yote kwanza, na ujumbe wa kila muamala wenye namba yake ya kumbukumbu. Halafu piga huduma kwa wateja wa mtandao uliotumia, haraka, maana hela ikishatolewa kwa wakala hairudi kirahisi. Namba yake iripoti kupitia 15040. Kisha kituo cha polisi chochote kilicho karibu nawe, upewe RB. Huna haja ya kusafiri hadi Kigoma. Yule kaka wa Kibirizi tulikwenda naye siku ileile, na watoto nikawapeleka ziwani bure alasiri, wakapata samaki wadogo wa mawe, wakafurahi.

Ukurasa umeshabadilisha jina tangu wiki iliyopita, picha ya mbele sasa ni ya kambale badala ya taa, kwa hiyo msitafute kwa jina. Tafuteni ile kilo 293 na ile bei. Namba za simu nilizokusanya nimezikabidhi polisi na hapa sizibandiki, maana moja imesajiliwa kwa kitambulisho cha mama muuza mboga ambaye hana habari kabisa, na simu za matusi zingemwangukia yeye. Na wewe piga *106# sasa hivi uone ni laini ngapi ziko kwa jina lako.