Welcome 2 Detroit: J Dilla anapotoka nyuma ya mashine

Prodyuza anayeamua kurap hukabiliwa na swali ambalo rapa wa kawaida haulizwi: je, midundo yake isingetosha? Kwa J Dilla, prodyuza wa hip-hop wa Detroit, Marekani, swali hilo lilikuwa zito zaidi, kwa sababu kufikia Februari 2001, albamu yake ya kwanza ya peke yake, Welcome 2 Detroit, ilipotoka, midundo yake ilikwisha kuwabeba watu waliojua kurap kuliko yeye. Alikuwa ameshalitengenezea kundi la The Pharcyde nyimbo katika albamu yao ya 1995, ameshafanya kazi na kundi la A Tribe Called Quest, na mwaka mmoja tu kabla yake alikuwa ameshika sehemu kubwa ya utayarishaji wa Like Water for Chocolate, albamu ya rapa Common. Si kwamba maikrofoni ilikuwa ngeni kwake, kwani alirap tangu mwanzo katika kundi la Slum Village. Hata hivyo, kundini mtu hupokezana mistari na wenzake, na udhaifu wa mmoja hufunikwa na zamu ya mwingine.

Albamu hiyo ilitolewa na BBE, kampuni ya London iliyokuwa imeanzisha mfululizo wa albamu za maprodyuza, ambamo baadaye walifuata Pete Rock, will.i.am na DJ Jazzy Jeff. Sharti lilikuwa jepesi kwa namna ya kushangaza: prodyuza apewe nafasi atengeneze anachotaka. Dilla aliitumia nafasi hiyo kwa uroho mzuri. Ndani ya albamu isiyozidi saa moja kuna hip-hop ngumu ya mitaa ya Detroit, bossa nova ya Kibrazili isiyo na maneno, muziki wa kielektroniki unaowakumbuka Kraftwerk, kundi la Ujerumani, na marudio ya nyimbo mbili za miaka ya sabini, Think Twice ya mpiga tarumbeta Donald Byrd na African Rhythms ya bendi ya Oneness of Juju. Mtu angetarajia mchanganyiko huo usambaratike, lakini haukusambaratika, na sababu yake ni ngoma.

Inafaa kuzieleza ngoma hizo kwa utaratibu, maana ndizo zilizomfanya Dilla awe Dilla. Mashine ya kutengenezea midundo aliyoitegemea, MPC 3000, ina uwezo wa kulisogeza kila pigo likae sawasawa mahali pake katika hesabu, kiasi kwamba hata mtu mwenye vidole vizito husikika kama fundi. Dilla hakuuacha uwezo huo umtawale. Katika nyimbo zake pigo zito la chini huja mapema kidogo au huchelewa, kofi la juu hujivuta nyuma yake, na besi hupita katikati kana kwamba haina haraka na yeyote. Asiyezoea hudhani kuna kosa, lakini akisikiliza kwa muda kidogo atajikuta shingo yake imekwisha kuanza kutikisika bila kuombwa ruhusa. Mashine hiyo hiyo sasa imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la historia na utamaduni wa Wamarekani Weusi mjini Washington, heshima ambayo vyombo vichache vya studio vimeipata.

Sasa tuje kwenye kurap kwenyewe, ambako wapenzi wa Dilla hupenda kupita haraka. Ukiiandika mistari yake karatasini na kuisoma kimya, hutapata mengi: anajisifu, anataja magari na fedha, anawadharau wapinzani wasiotajwa majina, kisha anarudia. Hakuna hadithi inayosimuliwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, wala tashbihi itakayokufanya urudishe wimbo nyuma uisikie tena. Anapomkaribisha rapa Elzhi katika Come Get It tofauti hiyo hujitokeza waziwazi, kwani Elzhi ni fundi wa kusuka vina ndani ya vina, na baada ya zamu yake mwenye albamu huonekana kama mwenye nyumba aliyemwazima mgeni kiti kizuri kuliko chake.

Hata hivyo, kumpima Dilla kwa maneno peke yake ni kumwonea. Sikiliza Shake It Down kwa makini, hasa namna anavyokata silabi. Hamalizi sentensi mahali ambapo hesabu ya mdundo inamwelekeza, bali hulivuta neno la mwisho likaangukia kwenye pengo aliloliacha makusudi kati ya kofi moja na lingine, na pengo hilo asingelijua rapa mwingine yeyote kwa kuwa yeye ndiye aliyelichimba. Sauti yake ni kavu, ya chini, haina mbwembwe, nayo inafanya kazi ya ngoma ya ziada. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba angewaachia wengine maikrofoni. Nyimbo kadhaa hapa zimejengwa zikiisubiri sauti yake, kama fundi seremala anavyoacha tundu kwenye ubao akijua kigingi kitakachoingia.

Wenyeji wa Detroit aliowaalika wanastahili neno. Kundi la Frank-N-Dank katika Pause na rapa Phat Kat katika wimbo uliopewa jina lake hawakuletwa kupamba orodha; ni watu wa mji mmoja naye, wanaoijua lafudhi ya midundo yake. Zamani mji huo ulijulikana duniani kwa Motown, kampuni ya muziki wa soul, na baadaye kwa tekno, na albamu hii inaishi kati ya urithi huo wote bila kuutolea hotuba. Think Twice, ambamo Dilla anaimba mwenyewe akishirikiana na mwimbaji Dwele, ndiyo bora kuliko zote kwa maoni yangu, ingawa sauti yake ya kuimba ni nyembamba. Wimbo wa kielektroniki uitwao B.B.E. ni mzaha uliorefushwa kuliko unavyostahili, na baadhi ya vipande vifupi vinavyounganisha nyimbo vingeweza kuachwa bila hasara.

Kwa anayetaka kuanza kumjua Dilla, wengi humwelekeza kwenye Donuts, albamu isiyo na rapa iliyotoka tarehe 7 Februari 2006, siku tatu tu kabla hajafariki akiwa na umri wa miaka 32. Mimi ningemwanzishia hapa, kwa sababu hapa mtu anamsikia akiwa na afya, mchokozi, akijaribu kila kitu kwa wakati mmoja. Toleo la kuadhimisha miaka 20, lililotoka mwaka 2021, lina pia midundo mitupu bila sauti, na kwa mwenye shaka juu ya uwezo wa prodyuza huyu kurap, hilo ndilo jaribio bora: achague wimbo mmoja anaorap Dilla mwenyewe, ausikilize bila maneno, kisha aurudie ukiwa na maneno. Mara ya kwanza wimbo utapendeza sana. Mara ya pili utakuwa umekamilika, japo mistari ni ile ile ya magari na fedha.